Kikosi cha Mizinga

Mwaka wa vita shule yetu ya Bukoba ilifungwa mapema, nikarudi Muleba kwa Bibi. Mibuni ilikuwa ikingoja mvua moja tu ichanue, na Bibi alitaka mizinga yake mitano iwe tayari kabla ya hapo. Ilikuwa ya fito zilizosukwa, imelala juu ya panda za miti katikati ya migomba. Tulikwangua masega makuukuu, tukafukuza sisimizi kwa moshi, tukaziba matundu kwa samadi ya ng'ombe. Mwisho Bibi alilainisha nta kiganjani, akaipaka mlangoni ili nyuki wasikie harufu ya kwao.

Nilikuwa na jambo ambalo nililiandika daftarini kila siku na sikuweza kulitamka. Kaka yangu alikuwa jeshini. Barua yake ilipofika, nilimsomea Bibi mimi mwenyewe: "Nipo kikosi cha mizinga, ni mzima." Bibi alijifunzia Kiswahili kwenye ngumbaru, darasa la watu wazima. Mzinga aliojua ni wa nyuki. Alicheka mpaka akashika kifua.

"Wameuona mkono wake," alisema. "Nilimfundisha mimi."

Niliikunja barua, nikaitia daftarini.

Siku ile ya nta, mama jirani alipita na mzigo wa nyasi kutoka rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya migomba, akauliza habari za mjukuu.

"Anatunza nyuki wa serikali," Bibi akajibu.

Jirani alinitazama kwanza mimi. "Waitu, kumbe jeshi nalo linarina asali?"

"Sasa askari watakula nini?" Bibi alisema. "Mwanao huko anakula risasi?"

Mwana wa jirani yule alikuwa mpakani. Aliweka mzigo wake sawa kichwani, akaondoka bila kuaga. Bibi hakuona kosa lake. Akanigeukia.

"Leo umwandikie. Muulize, nyuki wa huko ni wakali? Wanawafukiza kwa moshi wa nini?"

"Bibi," nilisema nikiutazama mzinga. "Ile mizinga si ya nyuki. Ni bunduki kubwa. Zinavutwa na gari."

Aliendelea kupaka nta palepale alipokwisha kupaka.

"Kubwa kiasi gani?"

"Sijaziona."

"Na wale wa upande wa pili wanazo?"

"Wanazo."

Kanisani, kila Jumapili padri aliwaita wenye watoto vitani wasimame waombewe. Tangu barua ile ifike, Bibi alibaki amekaa. Aliwanong'oneza wa benchi letu kwamba wa kwake hayumo kwenye mambo ya kuuana.

"Jumapili tatu," alisema. "Nimekaa Jumapili tatu, omwana wange, na wewe umekaa ubavuni pangu."

Ningeweza kusema nilimwonea huruma. Ukweli ni kwamba niliogopa tu kusema. Aliifuta mikono kwenye majani ya mgomba, akaondoka kuelekea kwa jirani. Mizinga miwili iliyobaki niliimaliza peke yangu, na mmoja niliuziba vibaya.

Mvua ilinyesha Ijumaa. Jumapili tulipita kati ya mibuni iliyojaa maua meupe, na Bibi hakugeuza hata shingo kutazama kama nyuki wamekuja. Padri alipoanza kuita, yeye alikwisha simama kabla sentensi haijaisha. Jirani akaja kusimama karibu naye. Watu walikuwa wakitutazama, lakini safari hii nami nilisimama.