Acha Kubwa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, tena mkali. Wanafunzi wangu hapa Wanyange, nje kidogo ya mji wa Jinja, Uganda, wanajua kwamba ukiniandikia "kitabu yangu" utairudia sentensi mara ishirini, na ukinuna nakuongezea kumi. Ukali huo niliuanzia nyumbani, kwa baba yangu mzazi. Alikuwa fundi wa silaha jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: bunduki mingi, mimi iko hapa, mtoto yangu. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini, mama Mgisu wa Mbale, na walipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Kwa hiyo walichumbiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakatulea mimi na kaka yangu kwa Kiswahili hichohicho katika nyumba za askari kule Kimaka. Wasoga waliopita njiani wakimsikia baba akituita chakula walidhani kuna mtu anakamatwa, maana kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Mpaka leo wapo wazee Jinja hii ambao wakisikia Kiswahili kwanza huangalia mlango uko wapi.

Baba alipostaafu tulihamia Mbale, kwao mama. Hakukaa bure. Kulikuwa na mzungu mmoja aliyepeleka wageni kuwinda Karamoja, akamchukua baba awe anamtunzia bunduki zake. Huko ndiko zilikotoka rivolva mbili ninazozieleza hapa. Rivolva ni ile bastola yenye kipipa kinachozunguka, na zote mbili zilikuwa za aina ya magnum, yaani baruti yake imezidi kawaida. Moja ilikuwa ya arobaini na nne, nzito, mtutu mrefu. Nyingine ya mia tatu hamsini na saba, imekaa vizuri zaidi mkononi. Mzungu alipofunga kazi akarudi kwao, alimwachia baba zote mbili na karatasi zake za polisi. Baba hakuhangaika na hesabu za kizungu. Moja akaiita kubwa, nyingine ndogo, basi.

"Kubwa ya mnyama," alikuwa akisema. "Ndogo ya karatasi."

Alikuwa na maana yake. Kubwa ilikaa kiunoni mwa mwindaji kwa ile dakika mbaya, nguruwe mwitu aliyejeruhiwa anapochomoka kichakani hatua tano mbele yako na bunduki ndefu huna nafasi ya kuigeuza. Ukimpiga kwa ndogo, baba alisema, umemwongezea hasira tu. Ndogo ilikuwa ya shabaha. Jumamosi tulikwenda kwenye shamba la ng'ombe la rafiki yake nje ya Mbale, palipokuwa na tuta la udongo la kupigia, tukabandika karatasi na kulenga mpaka mchana ukatuishia.

Kaka yangu, ambaye ni mkubwa wangu, alikuwa mtu wa mnyama. Mimi nilikuwa mtu wa karatasi. Nilikuwa hodari, sijisifu bure. Risasi tano niliziweka mahali pa kufunikwa na kifuniko cha kikombe. Baba aliangalia karatasi yangu, akasema "mzuri," halafu akaniuliza kama kaka amepiga simu. Eh! Niliumia, na niliumia miaka mingi, na sikumwambia mtu. Ungenikuta na umri wangu huu, mke wa mtu, mama wa watoto, bado nasubiri baba aitazame ile karatasi mara ya pili.

Kaka aliingia jeshini kama baba. Likizo yake ya mwisho aliikuta kubwa imepasuka mpini, akachukua kipande cha mvule akakaa nacho barazani Mbale wiki nzima, anachonga, anapiga msasa, anajaribu, anachonga tena. Hakuwa seremala. Upande mmoja ulitoka mnene kuliko mwenzake, lakini baba aliushika akasema hiyo ndiyo saizi ya mkono wake. Wakaufunga kwa skurubu moja. Mwezi uliofuata kaka alikwenda Somalia kulinda amani, akarudishwa ndani ya sanduku, na hatukuruhusiwa kulifungua.

Tangu hapo baba hakupiga tena risasi hata moja. Lakini kila Jumamosi alikaa barazani na kitambaa na mafuta, akaisafisha kubwa, silaha ambayo haikuwa na uchafu wowote. Akimaliza aliishika kwa ule mpini wa mvule, hana la kufanya nayo, ameishika tu. Mama alikuwa ameshafariki. Ndogo niliisafisha mwenyewe nikija kutoka Jinja, la sivyo ingepata kutu. Nilikuwa nakaa pembeni yake na bisibisi na brashi yangu, tunafanya kazi ileile, wala hanioni.

Mwaka jana akapigwa na kiharusi. Kikachukua upande wote wa kulia pamoja na maneno yake mengi. Nikamleta kwangu Wanyange, na zile rivolva zikapelekwa polisi Mbale zihifadhiwe. Baada ya miezi mitatu akanipigia simu afisa anayeshughulikia leseni. Alisema mzee asiyeweza kutia saini hawezi kuendelea kuwa mmiliki. Angeweza kuniandikisha mimi, lakini moja tu. Nyingine irudishwe serikalini, ipelekwe Kampala kuharibiwa pamoja na zingine. Jibu alilitaka Ijumaa.

Kwa mtu anayejua silaha hilo halikuwa swali. Kubwa niliipiga mara moja tu maishani mwangu. Ilirusha teke mtutu ukanipita karibu na paji la uso, baba akacheka mpaka akakaa chini. Ukipiga risasi kumi nayo, kesho huwezi kushika chaki. Na mimi nitawinda nini, mbuzi wa jirani? Ndogo inakubali pia risasi laini za thelathini na nane, unapiga shabaha mchana kutwa, unarudi nyumbani unapika. Kwa shabaha ilikuwa ndogo, kwa mkono wangu ilikuwa ndogo, kwa akili timamu ilikuwa ndogo. Ningeweza kumjibu yule afisa palepale kwenye simu.

Sikumjibu. Nilitaka baba aseme. Mungu anisamehe, nilitaka nisikie kwa mdomo wake kwamba tubaki na yangu.

Alhamisi jioni nilipotoka shule nilimwogesha, nikamkalisha barazani, nikachukua kigoda nikakaa mbele yake.

"Baba, polisi wanasema tubaki na moja. Unasemaje?"

Mdomo ulikuwa unatafuta neno, unalipata, unalipoteza. Nikamsubiri.

"Acha kubwa," akasema.

"Kubwa, baba?"

"Acha. Acha kubwa." Na machozi yakamtoka jicho moja, lile la upande mzima.

Jamani, nilifurahi! Nilimshika mkono nikaubusu. Niliingia jikoni nikaimba, mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Baba amemwachilia kaka. Baba amechagua ndogo, amenichagua mimi, na yale machozi nikayafasiri mwenyewe: ni ya mzee anayeaga, anayekubali kwamba aliyekufa amekufa na aliyebaki yuko hapa anamwogesha. Usiku huo nililala usingizi wa mtoto.

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa shuleni nikaenda Mbale. Afisa alikuwa mtu wa kabila la Wateso, mpole, umri wa kaka yangu kama angekuwapo. Akaziweka zote mbili mezani juu ya gazeti.

"Mwalimu, ni hii unatoa? Hii yenye mbao mzuri?"

"Ndiyo, afande. Mzee mwenyewe amesema."

Akaigeuzageuza. "Mimi sina shida. Kama iko kitu unataka fungua, wewe fungua. Wao wanataka chuma tu."

Bisibisi ilikuwa pale pale kwenye kopo la kalamu. Niliiona. Ningenyoosha mkono tu. Lakini nilikuwa nimelewa ule ushindi wangu, na nikajiona mtu mzima sana, mtu asiyeng'ang'ania vitu.

"Hapana, chukua yote," nikasema. Nikatia saini. Ndogo ikabaki kwao mpaka leseni yangu itoke, kubwa ikafungwa kitambulisho cha karatasi kwenye kifyatulio, ikatoka nje na askari mwingine. Gari la kuzipeleka lilikuwa uani, linapakiwa.

Nilifika Wanyange kabla ya saa kumi na mbili jioni. Jirani aliyekuwa akimwangalia baba aliniaga akaenda zake. Nikainama mbele ya kiti chake, sijavua hata viatu.

"Baba, tayari. Tumebaki na ndogo."

Akautazama mkoba wangu. Akanitazama mimi.

"Kubwa wapi?"

"Nimeitoa, baba. Si ulisema acha kubwa?"

Mkono wake mzima ukaanza kupiga kiti. Haukuwa na nguvu, ulipiga tu, ulipiga tu. "Acha," akasema. "Acha ikae! Acha nyumba!"

Hapo ndipo nilipomsikia. Nyumbani kwetu mama akipakua chakula alituambia "acha nyama ya baba," na hakuna aliyeitupa ile nyama. Maana yake iweke, usiiguse, mwenyewe anakuja. "Acha kiti ya baba." "Acha maji ya kaka yako." Nimelelewa na neno hilo, nimelishwa nalo, na siku ambayo baba alilitumia kuniomba kitu kimoja nikamsikiliza kama mgeni. Wala nisisingizie vitabu. Maana zote mbili ninazifundisha mwenyewe ubaoni, kila mwaka, na mifano natoa. Nilichukua ile niliyoitaka.

Nikampigia afande, nikikosea namba. Akapokea. Akaenda kuuliza, akarudi kwenye simu, akasema pole sana mwalimu, gari limeondoka Mbale mchana. Limeshavuka Nile. Barabara ya Kampala ni hiyo moja, inapita hapa hapa Jinja. Huenda nilikuwa nyuma yake njia nzima, au mbele yake, nikitazama miwa dirishani na kutabasamu. Nikamwomba azungumze na watu wa Kampala. Alisema atajaribu, na najua alijaribu, kwa sababu Jumatatu alinipigia mwenyewe kunieleza kwamba hawakubali kutoa kitu kilichokwisha kupokelewa kwa saini.

Lakini jioni ile ya Ijumaa nilirudi barazani na simu mkononi, na baba alikuwa ameacha kupiga kiti. Alikuwa ametulia. Akauinua ule mkono wa kushoto, akakutanisha vidole vitatu, akavizungusha hewani polepole. Ni yeye aliyenifundisha kufungua mpini. Skurubu moja tu, ningeweza kuifungua nimefumba macho.

"Mbao," akasema. "Mbao ulitoa?"

Nilifikiria kumdanganya. Nilifikiria kusema iko Mbale, nitaileta, halafu nimtafute seremala. Lakini yule ni fundi, na ule mpini ni kazi ya mkono wa mwanawe.

"Sikuitoa, baba."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha dukani.

"Kosa yangu," akasema. Alipumzika, akatafuta mengine. "Kiswahili yangu mbaya."

"Hapana, baba. Hapana. Ulisema vizuri, mimi ndiye niliyesikia vibaya." Nilikuwa nimempigia magoti na kilio kimenishika, kile cha kukosa pumzi, ambacho sikukilia hata siku ya lile sanduku. Nilitaka anitukane. Alikuwa na matusi ya kambini ya kutosha, na kiharusi kwa kawaida hakichukui matusi, kila muuguzi atakwambia hivyo. Nilitaka aniambie kwamba nimemzika mwanawe mara ya pili, kwa sababu ndivyo nilivyofanya, na nilifanya kwa wivu, juu ya mtu aliyekufa.

Hakusema hata neno moja la hayo. Aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, juu ya vumbi la njia, akauacha hapo. Alikaa akilitafuta neno, na nilijua ni gumu kwa jinsi bega lake lilivyokuwa likitikisika. Nikangoja nilipate linalonistahili.

"Toka asubuhi," akasema. "We umekula?"