Usingizi wa Saa Nane Mchana

Nilikuwa nalala mchana. Naanza na hilo kwa sababu ndilo walilonishtakia, na sikulikana hata siku moja. Tukishakula ugali, ikifika saa nane usingizi ulinikamata kama mtu aliyechomwa sindano. Si kusinzia. Nililala fofofo, mdomo wazi, saa mbili nzima, na nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Tuliishi Buhongwa kwa mama mkwe, mimi, mume wangu na mtoto wetu wa kwanza wa miezi minane. Mume wangu alikata minofu ya sangara katika kimojawapo cha viwanda vilivyokuwa vinaota ufukweni miaka ile. Aliondoka alfajiri, akarudi jioni ananuka samaki. Mchana nilibaki na mama mkwe na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Wifi aliachika, akarudi kwao peke yake. Watoto wake wawili walibaki kwa baba yao Geita.

"Mama, huyu mmeoa mke au mmeoa godoro?" aliuliza wifi huku anakwangua sufuria nje ya dirisha langu, makusudi nisikie.

"Labda ana mimba nyingine," alijibu mama mkwe.

"Mimba gani? Kidato cha nne hicho. Wasomi jua likiwaka wanaingia ndani."

Mama mkwe mwenyewe alilala kila mchana kwenye mkeka, akikoroma. Kwake kuliitwa kupumzika.

Nilijaribu kuufukuza usingizi. Nilinyonya ndimu, nikatumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi. Zaidi ya yote nilikunywa chai ya sukari, maana nani asiyejua kwamba sukari inatia nguvu? Utotoni kwetu Kisesa sukari ilikuja kwa mgawo, baba akiipangia foleni, na siku nyingi tulikunywa chai kavu. Biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa, watu waliikomoa sukari. Kwa mama mkwe kikombe kimoja kilitiwa vijiko vinne. Nilipojifungua mtoto wa kilo nne na nusu, mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja, kisha akaninywesha uji wa sukari asubuhi, mchana na jioni ili maziwa yatoke. Hakuna aliyesema kwamba mtoto mkubwa kiasi kile ni jambo la kuulizia. Wote walinipongeza.

Alhamisi moja nilibandika maharage uani, nikakaa na mtoto mkekani pembeni ya jiko la mkaa. Sikumbuki kulala. Nakumbuka kelele za wifi. Nilipofumbua macho alikuwa amemnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, maharage yananuka kuungua, na mtoto ana jivu kwenye viganja vyote viwili. Mtoto alikuwa ameshalifikia jiko. Bado kulishika tu.

"Umemuua mtoto wa mdogo wangu!" alipiga kelele.

Hakuungua. Lakini nilikuwa nimelala kweli, na hilo liliniuma kuliko tusi. Jioni ileile walituma mtu kumwita baba mkubwa wa mume wangu. Kikao Jumapili. Hoja waliisema wazi mbele yangu: nirudishwe kwetu Kisesa nikafundwe upya, mtoto abaki.

Ijumaa asubuhi nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda zahanati.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto anaumwa?" aliuliza mganga, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Mtoto mzima. Mimi nataka dawa ya kuzuia usingizi."

Akacheka. "Wenzako huja kuomba ya kuleta." Kisha akaanza kuuliza. Maji nakunywa kiasi gani? Mkojo je? Mtoto alizaliwa na kilo ngapi? Nilipotaja kilo, hakucheka tena. Akanipa kichupa.

Mlango wa chumba cha vipimo ulikuwa wazi. Nikamwona anamimina dawa ya bluu kwenye kioo chembamba, anadondosha matone ya mkojo wangu, anakipasha juu ya taa ya spiriti. Kipimo kile cha sukari nilikijua. Kidato cha tatu tulikifanya kwa maji ya ndizi mbivu. Bluu ikawa kijani, ikawa njano, ikatulia kwenye rangi ya tofali. Nilijua jibu langu kabla hajafungua mdomo.

"Ni kisukari," alisema. "Hiyo sukari ilitakiwa ikupe nguvu. Inapita tu na mkojo. Ndiyo maana mwili unazima ukishakula."

"Kwa hiyo nalala kwa sababu naumwa, au naumwa kwa sababu nalala?"

"Vinashikana, mwanangu. Ukishiba ukalala saa mbili bila kutembea, sukari inakaa kwenye damu. Ikikaa, unalala tena. Kwako kipi kilitangulia, mimi siwezi kujua."

Akaniandikia karatasi: niache sukari, nipunguze ugali, nikila nitembee, na nikilala mchana isizidi nusu saa.

Jumapili baba mkubwa aliishika karatasi ile kichwa chini miguu juu. Wifi akadakia: "Kisukari ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi. Huyu hata makalio hana! Kuandika si anajua? Ameiandika mwenyewe."

Mume wangu alikuwepo. Aliangalia kucha zake muda wote.

"Kesho nendeni wote wawili," baba mkubwa aliamua. "Wifi yako aone kwa macho yake. Ukiwa mgonjwa, utatibiwa hapahapa. Mkojo ukiwa safi, unarudi kwenu, mtoto anabaki kwa bibi yake."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Tangu Ijumaa sikuwa nimeonja sukari. Kila nikila nilitembea mpaka barabara ya Shinyanga na kurudi. Kiu ilikuwa imepungua, na mchana ule nilikuwa nimelala kidogo tu nikaamka mwepesi. Nilikuwa nimeanza kupata nafuu, na nafuu ile ingeninyang'anya mtoto.

Jumatatu alfajiri nilichemsha chai. Nikatia vijiko sita, nikanywa. Nikatia tena sita, nikanywa. Mume wangu alisimama mlangoni, amevaa mabuti ya kiwandani.

"Mama watoto, mganga si amekukataza?"

"Jana ulinyamaza. Nyamaza na leo."

Akaondoka.

Kule zahanati, wifi alisimama karibu na taa ya spiriti, mikono kifuani. Bluu ikawa kijani, ikasimama. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha ikaja njano, halafu tofali, tofali iliyokolea kuliko ya Ijumaa. Mganga alinigeukia, si kwa huruma.

"Umekunywa nini leo?"

Wifi ananiangalia.

"Chai."

"Ya sukari?"

"Ya sukari. Vikombe viwili."

"Unataka kufa?"

"Nataka mtoto wangu."

Tulirudi kwa miguu. Kichwa kilinigonga, ulimi umekauka. Sasa wifi alikuwa na kila kitu: angesema nimedanganya kipimo, na asingekuwa mwongo. Kila hatua niliyopiga nilimpangia matusi ya kumtupia akifungua mdomo.

Baba mkubwa alikuwa anangoja uani. Mama mkwe amempakata mtoto.

"Haya, tuambie," baba mkubwa alimwambia wifi.

Wifi alivua kandambili kwanza, akazikung'uta vumbi.

"Imekuwa rangi ya tofali," alisema. "Nimeona. Ni mgonjwa."

"Kweli?"

"Baba mkubwa, si mlinituma mimi?"

Akaingia ndani. Ya chai hakuyasema, wala siku ile wala baadaye.

"Basi abaki," baba mkubwa alisema, akaagiza maji ya kunywa, kama mtu aliyemaliza kugawa mboga.

Nilimtoa mtoto mapajani kwa mama mkwe nikambana kifuani. Hakuna aliyeniomba radhi. Kuanzia siku ile jina la mvivu lilikufa, likaja la mgonjwa, nalo walilitamka kwa sauti ileile. Jioni mume wangu alirudi na harufu yake ya samaki, akaketi kitandani.

"Wamesemaje?"

"Nenda kawaulize," nilimwambia. "Si ndugu zako?"