Redio wa Saluni, Kimya wa Darasani

Saa moja kasorobo asubuhi. Msusi amefagia sakafu, ameosha vitana na kuning'iniza nywele bandia kwa rangi zake. Sasa ameketi kwenye kiti cha wateja, amekikazia macho kioo na anajihoji mwenyewe, kama afanyavyo kila siku kabla ya mteja wa kwanza.

"Karibu, mgeni wetu. Hebu tueleze..."

Mlango unasukumwa. Anaruka kitini kama aliyekalia kaa la moto.

Aliyeingia ni mhadhiri wake wa somo la mahojiano, kilemba kichwani, macho kwenye simu. "Dada, msusi wangu kasafiri. Nisuke wewe, nina kikao saa nane."

Msusi ana miaka ishirini na minne. Yuko mwaka wa pili wa shahada ya uandishi wa habari, katika chuo kikuu binafsi kilicho ng'ambo ya barabara. Ada anaihesabu kwa vichwa: tisini na sita kila muhula. Saluni wanamwita Redio. Darasani wanamwita Kimya.

Kesho ana mtihani wa marudio. Katika ule wa kwanza alipewa dakika kumi amhoji mhadhiri huyuhuyu. Aliuliza, "Hujambo?" Akajibiwa, "Sijambo." Akashukuru, akaketi. Akifeli tena anarudia mwaka mzima, na vichwa vyote alivyosuka vitakuwa vimekwenda na maji.

"Mtu akinitazama usoni, maneno yanarudi tumboni," huwaambia wenzake wa saluni. "Nikiwa nyuma yake na kitana mkononi, yanakuja yenyewe."

Mama mwenye saluni ni shahidi, na kila mara husema: "Huyu atalikamua hata jiwe. Juzi mteja kaja kusukwa, kaondoka ametubu."

Leo anaukosea mstari wa kwanza, anaufumua. Lakini mhadhiri ameinamishwa, kidevu kifuani, hamuoni anayemsuka. Kufikia mstari wa tano, mazoea yanaushinda woga.

"Na siku yako ya kwanza kazini ilikuwaje?"

"We acha tu! Nilisoma taarifa nzima ya habari redioni, kumbe kipaza sauti kimezimwa. Dakika ishirini! Hata mume wangu hajui."

"Pole jamani. Ukafanyaje?"

"Nilijifungia chooni, dada yangu, nikalia mpaka..."

Mhadhiri anashtuka. Anainua kichwa taratibu, anatazama kioo.

"Ngoja kwanza. Wewe si yule wa 'Hujambo'?"

Kitana kinaanguka. Msusi anauangalia mlango.

"Usikimbie, mwanangu," anasema mama mwenye saluni, anayepanga taulo pembeni, akibana kicheko. "Mwenzio kasukwa nusu kichwa, yeye ataenda wapi?"

"Maswali yote haya," mhadhiri anauliza, "siku ile uliyaacha wapi?"

Msusi anaokota kitana, anakiweka mezani. Anazunguka kiti na kusimama mbele ya mwalimu wake, mikono mitupu.

"Sikuyaacha, mwalimu. Ninayo tangu muhula wa kwanza, ila nilikuwa nakuogopa. Mimi nataka kuwa mtangazaji. Na kesho, macho kwa macho, la kwanza nitakalokuuliza ni hili: nani alikizima kile kipaza sauti?"