Masale ya Mama Elisifa

Kila mtu ndakini alijua Praygod amepanda cheo. Idara za sayansi na uhandisi, zilizonuniana miaka yote, zilikuwa zimeunganishwa kuwa ndaki moja ya chuo kikuu. Yeye, fundi sanifu wa maabara ya fizikia, akapewa kusimamia eneo la karakana mpya, kule juu ambako kiwanja cha chuo kinapakana na kihamba cha Mama Elisifa, shamba lake la urithi. Alipewa na kofia ngumu nyeupe. Aliivaa hata kantini.

Asubuhi ya kusafisha eneo, wahandisi wageni walisimama naye wakinywa chai. Swaleh, kibarua kutoka mtaa wa Pasua, alifika na fyekeo kwenye mstari wa masale, mimea ya majani marefu iliyopandwa mpakani, akasita.

"Bosi, na haya?"

Praygod aliyajua. Amekulia katikati yake. Mchagga hahitaji nguzo ya zege kujua shamba lake linaishia wapi. Masale yaliposimama, ndipo. Lakini mhandisi mmoja alikuwa ametoka kuuliza, kwa kicheko, kama huku kwao mizimu huombwa kibali cha ujenzi. Praygod akaogopa kuonekana mshamba.

"Majani tu hayo. Fyeka."

"Mke wangu kwao Marangu, kaka. Kule hata mbuzi wanayaheshimu."

"Mbuzi wa Marangu hawajasoma. Fyeka."

Wahandisi wakacheka, na kicheko kile kikamnogea. Ndivyo tulivyo wasomi: tunajenga karakana ya kuwafundisha vijana kupima, na kipimo tulichokikuta tunakifyeka.

Kufikia mchana kamba ya uzio ilikuwa imevutwa, imenyooka vizuri, na migomba ya Mama Elisifa imebaki upande wa chuo. Mwenyewe akaja, amebeba majani ya ng'ombe kichwani. Hakupiga kelele.

"Praygod wa Veronika. Wakati wanakata, ulikuwepo?"

"Shikamoo, mama."

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa ofisini, mama."

Swaleh akainamisha uso, akawa anafuta fyekeo ambalo halikuwa na uchafu.

Jioni Praygod alipanda kwa mama yake kuomba jani la sale. Anayekwenda nalo kuomba msamaha harudishwi mlangoni. Hilo hata watoto wanalijua.

"Mpaka wa Elisifa umerudi?" Veronika akauliza.

"Bado, mama."

"Basi unataka kwenda kumziba mdomo kwa jani. Shambani kwangu hulikati."

Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi akamwambia mkuu wa ndaki, mbele ya wahandisi wale wale, kwamba kamba imekosewa na kwamba mpaka ulikuwa masale.

"Hukujua?" mkuu akauliza, kama anayemfungulia mlango wa kutokea.

"Nilijua."

Kamba ikarudishwa, karakana ikapunguzwa upana kwenye ramani, kofia nyeupe ikapata kichwa kingine. Ndipo Veronika akampa jani, amelifunga fundo mwenyewe.

Mama Elisifa alilipokea, akaliweka mapajani.

"Hili halikataliwi, kwa hiyo nimepokea. Sasa nenda kwenye lundo lenu. Sale halifi upesi. Okota mashina, uyarudishe yalipokuwa."

"Nitakuja jioni, mama, wakishatoka."

"Uliyakatisha wakitazama."

Alijuaje? Praygod akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akachimba kwenye jua, wahandisi wakiwa na vikombe vyao mkononi. Leo hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma kuliko kicheko. Hakuinua uso. Swaleh akaacha chai yake, akaja kumshikia shina ili udongo ushindiliwe.

"Mke wangu ataniuliza, kaka," akanong'ona. "Nimwambie yalikatwa na nani?"

Mama Elisifa alikuwa amesimama karibu na mgomba wa kwanza, anasikia.

"Mwambie nilikuwepo," Praygod akasema, kwa sauti ya kumfikia mama. "Ni mimi niliyesema fyeka."

Kisha akaenda kwenye lundo kuchukua shina lingine.