Popo wa Kilio

Saa tatu na dakika kumi asubuhi niliteremka kwenye pikipiki mbele ya nyumba ya mlinzi wa pango, nikakuta viti vimejaa uani na makaa bado yanafuka. Mke wake alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa. Hakuhitaji kuniambia. Mzee alikuwa amezikwa juzi yake.

Mimi ni fundi wa friji katika komine ya Kenya, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi. Sikusoma chuo. Habari za popo nilizipata katika vitabu vikuukuu vinavyouzwa kando ya barabara, na baadaye katika pango lile la mawe ya chokaa. Nililitembelea kila mvua zilipoanza, wakati popo wala-matunda wanapokuwa na watoto. Nilitaka kujua jambo moja tu: mama akirudi gizani na maziwa, humtambuaje mwanawe kati ya wengi waliobanana darini? Nilikuwa nimekaribia kujua.

Hakuna aliyeingia pangoni kabla mzee hajampaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, na kuwasalimu wazee waliotangulia. Moto ulikatazwa ndani, hata sigara. Mimi alinicheka kila mwaka.

"Mu Lubumbashi bantu banalipa juu ya kuangalia sinema. Weye unatoka kule kote juu ya kuangalia mavi ya popo! Bibi yako anajua?"

"Anajua."

"Na anakupikia tu?"

Kisha ananipaka pemba, akiwa bado anacheka.

Siku ile mwanawe mkubwa alileta maji ya kunawa, bukari, yaani ugali, na bakuli la nyama. Nilipogeuza kipande niliona vidole: mifupa mirefu, myembamba, ile inayotandaza ngozi ya bawa. Hakuna mnyama mwingine mwenye vidole vile.

"Ya pango?" nikauliza.

"Ya pango, baba. Bantu ya kilio balikuwa mingi, bengine balitoka mpaka Mitwaba. Tungebapa nini?"

"Mliwatoa kwa moshi? Mzee alikuwa anakataza moto."

"Ni yeye alikuwa anakataza," akasema polepole. "Na ni yeye tulikuwa tunazika."

Nilimwelewa. Kwa desturi yao, mlinzi akifa, pango nalo linaingia katika kilio. Mpaka mrithi apakwe pemba, hakuna mwenye kinywa cha kuruhusu wala cha kukataza. Mwana hakuwa amepakwa bado. Hakuiba, hakuvunja mwiko wowote. Alitaka tu waliokuja kumlilia baba yake wasilale njaa. Mama yake alikuwa ananitazama. Chakula cha kilio hakikataliwi. Nikala.

Baadaye mwana alinisindikiza pangoni. Kwenye mlango wa pango nilisimama na kuinamisha kichwa kwa mazoea, na hakuna aliyenigusa paji la uso.

Walikuwa wamechoma majani mabichi ndani. Dari, ambalo zamani lilitikisika kama ngozi ya mnyama aliye hai, lilikuwa jeusi na tupu. Popo wakubwa walikimbilia mlangoni, wakaishia kwenye nyavu. Watoto, ambao hawajaweza kuruka, walibaki na moshi. Wengi walikuwa sakafuni, kucha zimekunjwa kana kwamba bado wameshika kitu. Katika ufa wa juu mmoja alikuwa hai. Alitoa mlio mwembamba, akanyamaza kidogo, akatoa tena, kama anayesubiri kuitikiwa. Tulikaa chini yake mpaka akaacha.

Njiani kurudi mwana alitembea mbele yangu, kisha akasimama.

"Baba, usikasirike. Tulimuzika muzuri. Bantu balikula, na hatukubaki na deni. Tulikuwa tunatafuta mbuzi mbili. Hatukununua hata moja."

Nikamuuliza bei ya mbuzi pale kijijini, maana sijui kuacha jambo bila kulipima. Mmoja ni elfu mia moja na themanini. Basi walichookoa ni faranga elfu mia tatu na sitini.