Ufunguo wa Mpangaji Aliyehama

Pale kazini, kwenye kampuni ya kompyuta, walimwita Bi Kwanini, na jina lilimkaa barabara. Mtambo wa mtandao wa hospitali wanayoihudumia ukizimika, wenzake huuwasha tena, maisha yakaendelea. Yeye hung'ang'ania kujua umezimikaje.

"Wewe nawe," bosi alimwambia safari hii. "Mtambo umechoka, basi. Ijumaa ikifika hujanionyesha kosa, tunaleta mwingine, na wewe unahamia kupokea simu za wateja."

Mama wa watu akazama kwenye kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoendesha kompyuta, pale inapopokea data za mtandao. Alisoma kwa sauti, kama kawaida yake, mpaka jirani yake wa mezani akavaa hedifoni. Mahali fulani akasita, akarudia, akacheka peke yake.

Huyu kakulia nyumba ya kupangisha, bwana. Mpangaji akihama, mama yake hubadilisha kitasa siku hiyohiyo, na bisibisi hampi mtu, hata binti yake wa kumzaa. Sasa humu ndani chumba cha kumbukumbu ya kompyuta kilikuwa kimeachwa, kimepewa data nyingine, na sehemu ya programu iliyokitumia mwanzo bado inaingia kwa ufunguo wa zamani, inavuruga vitu vya watu mpaka mtambo unazimika. Mhuni akilijua hilo, anatuma data za hila na kuutwaa mtambo mzima, pamoja na siri za wagonjwa.

Alhamisi akauzimisha makusudi mtambo wa majaribio kwa data za namna hiyo, bosi akiangalia. Kisha akaweka marekebisho yake: chumba hakiachwi mpaka kila ufunguo urudishwe. Akajaribu tena. Mtambo haukuzimika.

"Haya, umeniweza," bosi akasema, na simu za wateja hazikutajwa tena.

Akayatuma kwa wasimamizi wa kiini hicho, kinachotumika duniani kote; nao, watu wa mbali wasiomjua hata sura, wakayapokea marekebisho na jina lake likaandikwa humo. Raha aliyoisikia usiulize. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akamsimulia yote.

"Kwa hiyo hata simu yangu hii?" bi mkubwa akauliza.

"Hata hiyo, mama. Kiini ni kilekile. Ikijisasisha tu, kazi yangu imo."

Bi mkubwa akaigeuzageuza simu. Chumba cha uani mpangaji alikuwa amehama asubuhi. Akatia mkono mfukoni, akatoa bisibisi.

"Shika," akasema. "Kabadilishe kitasa, mimi nitakushikia mlango."