Tangazo la Pamba Ambalo Sikulisoma

Kosa ni langu. Tena mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba, kwa hiyo hata wa kumsingizia sina.

Nina mtoto wa miezi mitano. Nilikuwa karani kwenye kampuni ya kununua pamba hapa Bariadi, niko kwenye majaribio, umebaki mwezi mmoja niajiriwe. Meneja akaniambia, "Dada, waandikie wakulima tangazo la kusafisha mashamba baada ya mavuno. Nalitaka kabla ya chai."

Mtoto niko naye hapo ofisini, ananyonya huku ananing'ata. Nikafungua AI kwenye simu, ile ambayo ofisi nzima tunaitumia na kila mtu anajifanya haijui. Dakika moja, tangazo hilo hapo, Kiswahili kimenyooka kama shati la bwana harusi. Sikulisoma. Meneja naye akasaini bila kulisoma, akanisifu.

Likarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijijini. Mimi na kiherehere changu nikamtumia na baba mkwe, nikajisifu kwamba nimeandika mwenyewe.

Siku ya nne akapiga simu kutoka kijijini kwake Mwamanyili. "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma chetu, "nimeacha miti ya pamba ioze shambani kama ulivyoandika. Majirani wananicheka. Una uhakika?"

Kwetu hata mtoto wa darasa la pili anajua pamba ikishavunwa, miti inang'olewa na kuchomwa. Ukiiacha, wadudu wanalala humo wanakusubiri msimu ujao. Nimeing'oa mimi tangu utoto, viganja vikachubuka. AI imeandika masalia yaachwe yarutubishe udongo!

Nikaiuliza. Ikajibu kwa adabu, "Uko sahihi kabisa, samahani kwa mkanganyiko." Nilitaka kuitupa simu chooni.

Vicheko vya wakulima vikafika ofisini, meneja akaniita. "Umetuaibisha. Unaandikaje kwa mashine?"

"Si ulisaini wewe, bosi?"

"Nilikuamini wewe."

"Na mimi niliiamini hiyo hiyo inayokuandikia ripoti za makao makuu."

Mdomo wangu huu. Kazi ikaishia pale pale.

Jumamosi nikaenda Mwamanyili, mtoto mgongoni, tukang'oa ile miti na baba mkwe. Mashamba ya jirani yote yalikuwa matupu, miti imeshachomwa. Wenzake walilisoma tangazo, wakacheka, wakaendelea na kazi zao.

"Baba, mbona wewe ulilifuata? Si unaijua pamba kuliko mimi?"

Hakuinua kichwa. "Naijua. Lakini liliandikwa na mkwe wangu aliyemaliza fomu foo."

Bora angenitukana.

Itumieni, siwakatazi. Nikipata kazi nyingine nitaitumia hata mimi. Ila soma kabla hujatuma, hata kama mtoto analia na bosi anagonga meza. Wengi watakupuuza na hawatapata hasara. Atakayeumia ni yule mmoja aliyekuamini kwa sababu ni wewe.